Macho ya Karatasi

Wazo la ile picha lilikuwa la Eyotaru mwenyewe.

Mumewe, Onzima, aliendesha lori la bosi Andama wa Arua. Andama alikuwa amefunga kamera ndani ya kila lori, inamtazama dereva usoni. Dereva akifumba macho, king'ora kinalia garini na simu ya bosi inalia pia. "Ni usalama yenu," aliwaambia. Lakini nafasi ya kulala hakuwapa. Mtu anafika asubuhi na simenti kutoka Kampala, hata uso hajanawa, anaambiwa: peleka Koboko. King'ora kikimlilia mara tatu, kazi basi. Onzima kilishamlilia mara mbili.

Ndipo Eyotaru akamburuta hadi studio ya picha. "Toa macho," akamwambia, "kama mtu ameona nyoka kitandani." Picha ikatoka vizuri. Onzima akaibandika mbele ya jicho la kamera, na mashine ikanyamaza kama mtoto aliyeshiba.

Eyotaru aliuza chai kwenye yadi ya Andama, chini ya Arua Hill. Asubuhi ile Onzima alitoka Kampala, akanywa chai amesimama, macho mekundu kama pilipili, akaondoka na simenti kwenda Koboko. Hakwenda mbali, bosi akaita.

"Mama chai! Kuja ona bwana yako."

Andama alikuwa kitini, simu mkononi, madereva wawili nyuma yake. Kioo cha simu kilionyesha uso wa Onzima upande mmoja, na upande wa pili barabara, jinsi jicho la pili la kamera linavyoiona.

"Toka lori ipite Ombaci nachunga yeye," akasema Andama. "Hapana pepesa hata kidogo. Hii iko mutu ao iko samaki?"

Madereva wakacheka. Eyotaru akahisi birika linamwelemea mkononi.

"Iko yeye, bosi."

"Kweli?"

"Ni yeye. Macho yake iko hivyo tu."

"Basi vizuri." Andama akamwonyesha kitufe chekundu pembeni mwa kioo. "Mimi nikifinya hapa, king'ora inalia kule hata kama mashine iko kimya. Lakini mutu iko macho, nitamuamsha kwa nini? Mimi mjinga?"

Akailaza simu juu ya goti, akachukua andazi, akatafuna polepole.

Kwenye kioo, barabara ikaanza kuhama. Mstari mweupe ukaingia taratibu chini ya lori, ukapotea. Mbele, ukingoni mwa lami, wanawake walikuwa wameanika mihogo. Waliinama wakiigeuza, migongo yao kwa lori.

"Bosi, finya."

"Kwa nini? Si iko macho?"

"Finya, nakuomba!"

"Sema kwanza. Hii ni bwana yako, ao karatasi?"

"Ni karatasi! Analala! Mimi ndiye nilimpa. Finya!"

Andama akapangusa kidole kwenye suruali, mafuta ya andazi yatoke. Ndipo akafinya.

Wanawake waliruka kama kuku. Lori likapita juu ya mihogo, unga mweupe ukajaa kioo kizima, kisha barabara ikarudi katikati. Lori likasimama. Hakuna aliyeguswa.

Andama akapiga simu, akaweka sauti ya juu yadi nzima isikie.

"Onzima, baki hapo hapo. Dereva mwingine anakuja kuchukua gari. Kazi yako imekwisha."

"Bosi, sikulala! Nilikwepa mbuzi!"

"Mimi niliamini wewe, ndugu yangu. Ni bibi yako amesema. Iko hapa karibu yangu."

Eyotaru akafungua mdomo. Andama akakata simu, akamnyooshea kikombe.

"Ongeza sukari."

Jioni Onzima akarudi kwa bodaboda, viatu vyeupe kwa unga wa muhogo. Eyotaru akaweka chakula mbele yake.

"Baba Swaka, wale wanawake wangekufa. Na wewe pia."

"Mimi nilikuwa macho."

Mbuzi alikuwa wa kubuni, lakini hapa hakuwa anadanganya. Aliyesinzia hajui kwamba alisinzia. Anayejua ni aliyemwona.

Onzima akatoa ile picha mfukoni, ina gundi yake bado, akaibandika ukutani upande anaolala mkewe.

"Huyu ndiye mume uliyemtaka. Kaa naye. Halali."

Akajitupa kitandani na viatu vyake, na kabla sahani haijapoa alikuwa anakoroma. Eyotaru akamvua viatu, kimoja kimoja, taratibu asimwamshe. Alipoinua kichwa, yale macho mengine yalikuwa yamemkodolea.