Wino wa Babu

Komujuni alikataa kunionyesha hadithi yake ya Kiingereza.

"Sheria za shindano hazitaki mtu asaidiwe, babu."

"Nani kasema kusaidia? Nitaangalia nukta tu."

"Hata nukta, babu."

Nikanuna. Hapa kijijini kwetu Igurwa, mwenye shida ya Kiingereza huja kwangu. Nilikisoma ukubwani, darasa la jioni, mchana nikichunga ng'ombe wa watu. Hata barua za wageni wa usharika huletwa kwangu nizisome. Leo mjukuu wangu mwenyewe, wa kidato cha tatu, ananificha karatasi!

Siku ya shindano tulikwenda Rubwera. Shule za Karagwe na Kyerwa zilijaa ukumbi mmoja, wazazi mbele, wanafunzi nyuma. Kando yangu alikaa jirani yangu Protase, mzee mwenzangu wa kanisa, ambaye naye alikuwa na mjukuu shindanoni. Mwamuzi mkuu, Mwalimu Eustadia, alitangaza kwamba kila hadithi iwe ya kweli, ya nyumbani kwa mwandishi, maana mwaka jana watoto waliokota hadithi kwenye simu. Mshindi angekwenda Bukoba kwenye mashindano ya mkoa. Komujuni alikuwa hajawahi kuliona ziwa. Wiki nzima alilalia sare yake chini ya godoro ili inyooke.

Kwa kuwa wazazi wengi hatujui Kiingereza, yaani hawajui, mwalimu aliomba mtu wa kutafsiri. Kabla hajamaliza nilikuwa nimesimama.

"Kaa chini, waitu, ndugu yangu," Protase alininong'oneza. "Hujui hata watasoma nini."

"Wasome chochote," nikamjibu, nikapanda jukwaani.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Komujuni. Alisoma sentensi moja, akasubiri. Nikaitoa kwa Kiswahili, kwa sauti ya mahubiri: "Nyumbani kwetu yupo mzee mwenye vidole vyeusi."

Mwanzo mzuri, nikawaza. Kisha nikavitazama vidole vyangu.

Sentensi ya pili ilisema kwamba mzee huyo huwaambia watu kijijini kuwa weusi ule ni wino, kwa sababu yeye ni msomi, lakini si wino. Ni utomvu wa ndizi.

Nikakohoa. Mke wangu Celestina aliteleza shambani wakati wa masika akavunjika mkono. Komujuni huenda shule alfajiri. Sasa ndizi za mchana atamenya nani? Nilikuwa nafunga mlango wa jiko na kumenya mwenyewe, maana kwetu mwanamume akikutwa ameshika kisu cha ndizi hupewa jina, na jina hilo humfuata mpaka kaburini. Tatizo ni utomvu: hauogopi sabuni, na hata mafuta ninayopaka huuzuia nusu tu. Ndipo nikasema ni wino, na watu wakazidi kuniheshimu.

Protase alikuwa amenikazia macho.

"Mzee huyo huwaambia watu ni grisi," nikatafsiri. "Kwa sababu yeye ni fundi baiskeli."

Komujuni alinitupia jicho la pembeni, akaendelea. Akasoma kwamba kila mchana babu hufunga mlango wa jiko.

"Kila mchana hufunga mlango wa karakana," nikasema.

Akasoma kwamba bibi hupiga kelele kutoka kitandani: maganda unayakata manene, unanilisha mimi au unalisha mbuzi?

"Mteja akafoka: tairi hili umelijaza upepo au umelipulizia kwa mdomo?"

Huko nyuma kicheko kikalipuka. Nilikuwa nimesahau jambo moja dogo: wanafunzi wote wale walikuwa wanajua Kiingereza. Wazazi kuona watoto wao wanacheka, nao wakacheka, wasijue baiskeli ile ilikuwa na nini. Nami nikazidi kusukuma baiskeli yangu, jasho likinitoka, mpaka sentensi ya mwisho. Hiyo ilisema kwamba bibi kila usiku anamwomba Mungu auponye mkono wake, ila asiwe na haraka.

Kwa sentensi hiyo sikupata tairi wala mnyororo.

"Mwisho," nikasema.

"Mlezi wa Komujuni yuko wapi?" Mwalimu Eustadia akauliza.

"Mkalimani! Mkalimani!" wanafunzi wakapiga kelele.

"Shikamoo, mzee wangu," mwalimu akanigeukia.

"Marahaba."

"Tuthibitishie. Hadithi iliyosomwa hapa ni ya kweli? Nasema iliyosomwa, siyo ile ya baiskeli. Kama siyo kweli, tunaitoa."

Nikamtazama Protase na wazee wenzangu. Nikamtazama Komujuni. Hakuniomba kitu. Alikuwa anaikunja karatasi yake, ikizidi kuwa ndogo, kama mtu anayejiandaa kurudi nyumbani.

"Ni ya kweli," nikasema. "Fundi hayupo. Ni mimi, na ni ndizi."

"Ndizi zipi?" mama mmoja akauliza.

"Namenya ndizi, mama. Jikoni."

Baba mmoja akaruka juu. "Anadanganya! Anataka mjukuu wake ashinde! Mwanamume gani wa Igurwa amenye ndizi? Apewe kisu tuone!"

Ajabu ya dunia: nilipodanganya walishangilia, niliposema kweli wakataka ushahidi. Wapishi walikuwa nyuma ya ukumbi wakiandaa chakula cha mchana. Mkubwa wao, Sperancia, akaja na kisu na ndizi chache. Nikamenya mbele ya wilaya mbili, na mbele ya Protase.

Sperancia aliokota ganda moja, akaligeuza huku na huku.

"Kumenya anajua," akasema. "Lakini baba, maganda haya! Unalisha mbuzi?"

Wanafunzi nusura wavunje madawati. Mwalimu Eustadia alifuta machozi ya kicheko. "Hadithi ni ya kweli mpaka kwenye ganda," akasema. "Komujuni, utakwenda Bukoba."

Wakati wa chakula Protase alikuja na sahani yake, akakaa karibu nami mno. Nikajiandaa kwa matusi. Alitafuna kwanza, akaangalia kushoto na kulia.

"Mafuta ya kuzuia utomvu," akanong'ona, "unapaka kabla au baada?"

Nikaiangalia mikono yake. Ilikuwa myeusi kuliko yangu.

"Wewe pia ni wino?"

"Mimi sijui kuandika, waitu. Husema ni kahawa."

"Kabla," nikamwambia. "Paka kabla."