Simu Iliyofungiwa Kaburini

Redio ilitangaza asubuhi, baada ya salamu za watu wa mashambani na kabla ya bei ya kondoo, kwamba kila aliyekuwa na simu ya kampuni ile kubwa, simu ikazeeka betri ikaanza kujikokota, afike ofisi ya chama cha kutetea wanunuzi akadai haki yake.

Eleodoro Oyarzo alipiga meza kwa kiganja. Kibuyu cha yerba, majani machungu ya chai ya kule yanayonyonywa kwa mrija, kikapinduka.

"Nilisema! Sikusema mimi?"

"Ulisema nini, na yerba yangu yote iko sakafuni?" Bi Clorinda aliinama na kitambaa. Alikuwa jirani, mjane mwenzake, na kila asubuhi alivuka uchochoro kuja kuhakikisha, kwa maneno yake mwenyewe, kama maiti bado inapumua.

"Kwamba simu ilijizima. Yenyewe! Mimi sikuigusa."

Bi Clorinda aliendelea kufuta sakafu. Watu wote wa Playa Norte, mtaa wao wa Punta Arenas, waliijua habari ile, na wote walikuwa na jibu moja: kunyamaza na kutazama pembeni.

Eleodoro alikuwa mchukuzi kwenye machinjio ya kondoo, chumba cha barafu, pale ambapo nyama hugandishwa hadi ukiigonga inalia kama ubao. Simu aliyokuwa nayo aliirithi kwa binti yake, Yasna. Ilikuwa simu ya kifahari siku zake, lakini ilipomfikia ilikuwa imechoka. Ukiigusa, inakaa inafikiri kama karani anayeulizwa pensheni. Unabonyeza jina la mtu, unakwenda kufunga viatu, unarudi, ndiyo kwanza inaamka.

Siku ile ya Julai, katikati ya kipupwe cha kule kusini kabisa mwa dunia, theluji imeganda barabarani, Edelmira mkewe alianguka jikoni akishika kifua. Alimpigia mumewe. Wapo wanaouliza kwa nini hakuita gari la wagonjwa. Hao hawajaishi na mtu. Mwanamke aliyezeeka na mume mmoja, jambo likimfika, kidole chake hakiulizi njia. Alipiga, akapiga tena, na kila mara sauti ya mwanamke asiyejulikana ikamwambia kwamba mteja hapatikani. Bi Clorinda ndiye aliyemkuta, simu bado mkononi.

Eleodoro alipotoka kwenye barafu alitoa simu mfukoni akaikuta nyeusi. Aliingia nayo ikionyesha chaji karibu nusu. Hilo alilisema kwa polisi, kwa padri, kwa daktari, na hakuna aliyeliandika popote.

Ila lilisikika neno jingine. Siku ya msiba, watu wamejaa, kahawa inazungushwa, Yasna alisimama kando ya jeneza akasema mbele ya kila mtu:

"Aliizima. Alikuwa amenuna tangu asubuhi. Nilikuwepo, nilimsikia akimwambia mama asante kwenye kibuyu cha kwanza."

Wanawake wakashika midomo. Kwao kibuyu cha yerba huzunguka mkono kwa mkono, na neno asante halitamkwi mpaka mtu ameshiba, kwa kuwa maana yake ni basi, usinimiminie tena. Kulisema kwenye kibuyu cha kwanza, tena kwa mkeo, ni sawa na kumfungia mlango usoni. Na kweli alikuwa amelisema. Edelmira, aliyekuwa mshonaji, alimwambia aache kazi ya barafu, mifupa imekwisha, cherehani itawalisha. Yeye akajibu kwamba hajazaliwa ale kwa sindano ya mwanamke. Asante, akasema, akavaa koti. Hilo lilikuwa neno lake la mwisho kwa mkewe.

Makaburi ya kule Punta Arenas mengi ni ya ukutani, moja juu ya jingine, na kila kaburi lina kidirisha cha kioo chenye kufuli. Ndani watu huweka vitu alivyovipenda marehemu: miwani yake, bendera ya timu, maua ya plastiki. Eleodoro aliweka cherehani ya kuchezea, kikombe cha Edelmira, na katikati akaisimamisha ile simu.

"Ikae humo imtazame machoni," alisema. Akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Watu wakasema msiba umemtia wazimu. Yasna hakukanyaga tena kwa baba yake, wala hapo ukutani kwa mama yake.

Ofisi ya chama ilikuwa juu ya duka la nyavu. Wakili alikuwa msichana anayeitwa Rayén, kavaa koti ndani ya nyumba, kwa kuwa wanaotetea wanyonge hawapewi hita.

"Karibu mzee wangu. Kaa. Simu yako ilikuwa nzito, au ilikuwa inazima?"

"Vyote. Ilikuwa kama serikali."

Rayén alicheka, akamweleza polepole. Betri ikizeeka haina tena pumzi ya kuisukuma simu, hasa kwenye baridi. Huzima ghafla hata ikiwa na chaji. Kampuni ililijua hilo. Badala ya kuwaambia watu wabadilishe betri, kitu cha bei ndogo tu, walituma kimyakimya programu ya kupunguza mwendo wa simu. Mwenye simu akaona mashine imezeeka, akaenda dukani kununua nyingine.

"Yaani walijua."

"Walijua."

"Na hawakusema."

"Ndiyo kesi yetu hiyo, mzee. Ulikuwa na haki ya kuambiwa."

Eleodoro aliitazama mikono yake. Mtu ambaye kwa muda wote ule alikuwa akisema jambo na kuonekana mwongo, halafu mtu asiyemjua akamwambia ni kweli, hafurahi. Huishiwa nguvu.

"Nikidai, watasema sasa? Watasema ni wao?"

Rayén alisita. "Watalipa kidogo. Lakini wameandika kwamba wanalipa bila kukubali kosa lolote."

"Mtu halipi sahani asiyoivunja."

"Wakubwa hulipa ili wasiulizwe nani kavunja."

"Hela zao wapeleke kwa mama zao. Mimi nataka karatasi tu. Inayosema simu yangu ilikuwa na ugonjwa huo. Kuna mtu nataka kumsomea."

"Hiyo naweza kukupa, yenye mhuri. Nahitaji namba ya simu yenyewe, imechongwa kwa tarakimu ndogo sana kwenye kijisahani cha kuwekea laini. Simu unayo?"

"Ipo."

"Nyumbani?"

"Kaburini."

Rayén aliinua kalamu. "Amezikwa nayo nani, mzee wangu?"

"Hakuna aliyezikwa nayo. Nimeifunga. Kifungo cha maisha."

Msichana alianza kucheka, akaona uso wa mzee, kicheko kikafia njiani. Akauliza kwa sauti ya chini aliyeinunua ni nani.

"Binti yangu."

"Basi dai ni lake. Atie saini yeye."

Upepo ulikuwa mkali siku hiyo, ule ambao manispaa hufunga kamba kwenye kona za barabara watu washike wasibebwe. Eleodoro alishika kamba hadi makaburini, akafungua kufuli la Edelmira kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Simu ilikuwa imevimba. Betri ilikuwa imefura ndani hadi kioo kikainuka upande mmoja, kama mkate uliosahauliwa kwenye hamira. Aliitoa, mahali ilipokaa pakabaki mraba usio na vumbi.

"Nakwenda kumwonyesha mwanao," alimwambia mkewe. "Ataona. Leo ataona."

Njia nzima hadi kwa Yasna aliyapanga maneno. Alikuwa nayo tayari kitambo, yamenolewa kwa usiku mwingi: *Ulinivua nguo mbele ya maiti ya mama yako. Haya, tazama. Rudia sasa, kwa sauti.*

Yasna alifungua mlango akiwa bado na sare ya duka la manukato. Walitazamana. Upepo ukaingia pamoja na baba.

"Funga mlango, baridi," alisema binti. Hakusema karibu. Lakini alibandika maji, kwa kuwa kule hata adui akiingia kutoka kwenye upepo ule hupewa kibuyu.

"Nani kafa?" aliuliza, mgongo umemwelekea.

"Hajafa mtu. Waliokufa wanatosha." Akaiweka simu mezani. "Unaikumbuka hii?"

Yasna aligeuka. "Umeitoa! Wewe baba huna haya? Umemfungulia mama kwa ajili ya..."

"Sikiliza kwanza. Una mdomo kama wa shangazi yako. Sikiliza."

Akamweleza, vibaya, akiruka huku na huku: redio, msichana wa koti, betri, pumzi, baridi. Kwamba kampuni ilijua. Kwamba simu yenye betri kuukuu ikiingia kwenye barafu huzima hata kama imejaa nusu. Yasna alianza kumsikiliza mikono kiunoni. Kisha mikono ikashuka. Aliichukua simu iliyovimba akaigeuzageuza, na kidole chake kikasimama kwenye mkwaruzo wa pembeni, wa siku alipoiangusha mwenyewe akishuka basi.

"Kwangu pia ilikuwa inajizima," alisema.

"Unasemaje?"

"Asubuhi, kituoni, nikisubiri basi. Chaji ipo, mara pap, giza. Nikienda nayo dukani wananiambia imezeeka, dada, chukua mpya kwa mkopo. Hakuna aliyenitajia betri." Alikuwa akiongea na simu, si na baba yake. "Nikachukua mpya. Hii nikakupa wewe. Nilisema, baba ana haja gani na simu ya maana, anapiga kwa mama tu."

Maji yalianza kuchemka. Hakuna aliyekwenda kuyaepua.

"Nilijua inazima kwenye baridi," Yasna alisema. "Nilijua, nikampa mtu anayefanya kazi kwenye barafu."

Hapo Eleodoro akaona alichokileta. Jiwe alilolibeba muda wote ule akitafuta kichwa cha mkubwa wa kampuni cha kulitupia, lilikuwa linaanguka, na chini yake amesimama mtoto wake. Wakubwa wako mbali, majumba yao yana hita, jiwe la mchukuzi haliwafikii. Huanguka karibu, siku zote, kwa walio karibu.

Ile karatasi yenye mhuri, hata angeipata. Angemsomea nini?

"Achana na mambo hayo," alisema. "Wewe hukufanya kitu."

"Mama alipiga, baba. Alipiga, na simu yangu ndiyo..."

"Haikujizima."

Yasna aliinua macho.

"Niliizima mimi," alisema Eleodoro. Sauti yake ilitoka kavu, akakohoa, akairudia vizuri zaidi. "Niliizima kabla sijaingia. Nilikuwa nimenuna. Nilijua atapiga anibembeleze, nikasema ngoja apige mpaka achoke. Ulivyosema siku ile ndivyo ilivyokuwa."

"Sasa hizi habari za betri..."

"Nimezisikia redioni, nikaona nitapata pa kujisafishia. Mtu akizeeka anakuwa mwoga. Basi."

Yasna alimtazama. Eleodoro hakuyaondoa macho yake, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, barafu ikiwemo. Aliona uso wa binti yake ukitaka kukataa, kisha ukitafuta, kisha ukikubali. Mtu huamini kile kitakachomruhusu kulala.

"Shetani wewe," Yasna alisema. Alimpiga kifuani kwa ngumi, ngumi ndogo za mtu anayelia, na mzee akasimama apigwe, koti lake likitoa vumbi la makaburini. "Shetani, shetani. Na bado umekuja kuniongopea, kwenye nyumba yangu."

Alipochoka alijifuta uso kwa mkono wa sare. Akaepua maji, akamimina kibuyu kimoja, akakisukuma juu ya meza.

"Kunywa. Halafu useme asante uende."

Yerba ilikuwa ya moto mno, imeungua. Eleodoro aliinyonya hadi mrija ukalia.

"Asante," alisema.

Alishika kamba hadi makaburini. Aliirudisha simu kwenye mraba wake usio na vumbi, ila safari hii aliigeuza, ikatazama ukuta. Akafunga.

Baada ya wiki chache alikuta maua yamefungwa kwenye mpini wa kidirisha kwa utepe wa duka la manukato. Maua halisi, kule ambako hufika kwa ndege na bei yake ni ya wendawazimu. Alifungua, akayaingiza ndani karibu na kikombe. Jumamosi iliyofuata yalikuwepo mengine. Yasna alianza kuja kwa mama yake, siku ambazo alijua baba hayupo, na Eleodoro akajifunza kutokuwepo siku hizo. Wakikutana sokoni, binti alivuka barabara.

Siku ya mwisho ya madai, redio ilisema waliojitokeza walikuwa wachache kuliko ilivyotegemewa. Msemaji wa kampuni alihojiwa, sauti laini, akasema kampuni inawajali wateja wake na imefurahi kwamba jambo hili limekwisha kwa amani.

"Na wewe?" Bi Clorinda aliuliza. "Si ulikwenda hadi ofisini? Nikasema huyu sasa tutamkoma."

"Niliacha."

"Uliacha! Wewe uliyetuimbia wimbo huo hadi mbwa wangu anaujua?"

"Nilikosea, Clorinda. Niliizima mwenyewe."

Bi Clorinda alishika birika hewani. Yeye ndiye aliyempelekea habari jioni ile, akamkuta mlangoni pa machinjio, akiibonyeza simu nyeusi, akiipumulia joto, akiisugua kifuani kama mtu anayefufua ndege. Alifungua mdomo, akamtazama, akaufunga. Akammiminia.

Eleodoro alikunywa, akamrudishia kibuyu, wala hakusema asante. Bi Clorinda akammiminia tena.