Glasi ya Mwisho ni ya Toscana

…na kiganja cha pili juu ya glasi, kama mtu anayefunika kifaranga, ndivyo Shefu anavyotaka, eti mafuta ya zeituni hayaonjwi baridi, yapate kwanza joto la mkono wa mtu, basi nayapasha, glasi ni ya buluu ili macho yasidanganywe na rangi, na haya ya Toscana ndiyo ya mwisho, baada yake Shefu anachagua mmoja wa kuwaonjesha wageni kule ukumbini, wengine turudi kwenye masinki, na masinki ya hoteli hii ya Al Barsha, huku ughaibuni, yamenichosha, Mungu anisamehe, yamenichosha kabisa… ya Liguria yalikuwa laini, yaliteleza tu, ya Puglia yakaja na uchungu wa nyanya chungu, yakaniwasha koo hadi masikioni, nikameza kimya, uso mkavu, nikasema nzuri sana sir, nikajiona mstaarabu, kumbe najichimbia shimo, maana Shakira wa Kampala kakohoa mara mbili mbele za watu na Shefu kampigia makofi, "Brava! Koo likiwaka, mafuta ni mapya, ni mazima!", kisha akanigeukia mimi, "Josephat hasikii kitu"… nasikia, sir, nasikia mno, ila kwetu Muleba chakula cha watu hakikunjiwi uso, Bibi alikuwa akinifinya paja ugenini, nami natafuna huku natabasamu… "Wewe kohoa tu, banange," Shakira ananinong'oneza, "ndiyo anataka," kwake rahisi, huyu akikanyagwa mguu jengo zima linajua, mimi nimefinywa hadi uso umezoea, hata siku ile mdogo wangu Doris alipopiga simu, nimesimama kwenye korido na trei ya vyombo vichafu, kaka, baba ametutoka, nikasema sawa, asante kwa kunijulisha, asante!, kama vile kaniambia lifti imeharibika, "Kaka, umenisikia?", nimesikia, nikarudi kwenye sinki, Jamiru, mwosha vyombo mwenzangu, akauliza vipi, nikamjibu salama, salama gani, baba aliyenibeba mgongoni mvua yote ile hadi zahanati, nikasema nitamlilia nikifika chumbani kwetu Al Mankhool, chumbani kuna watu, nikangoja walale, nikalala mimi… "Bado, bado, pasheni," Shefu anapita nyuma yetu, "polepole, msiwe na haraka"… na Doris hajanipigia tena, atapigaje, kanihesabu sina moyo, kama huyu Shefu tu, na wote wawili wana haki, watajuaje, nimewaonyesha nini?, leo nampigia mimi, nitamwambia Doris, baba ananiuma, ananiuma kila siku, wasikie wanaosikia, huo ukumbi nikipewa nipewe, nikinyimwa ninyimwe, loo, baba yangu… Shefu amesimama mbele yangu, glasi bado imo kiganjani, kiganja cha pili bado kiko juu yake, mashavu yameloa na siyafuti, naye ananiinamia, anaitazama glasi, ananitazama mimi, "Josephat," anasema taratibu, "mbona bado hujaonja?"