Bawabu wa Mshona Mapazia

Mshona mapazia alikuwa akipiga pasi pindo la pazia pale mgeni mmoja, mwanamke wa miwani, alipomwomba sukari kwa sauti ya marehemu mama yake.

"Iko kabatini," akamjibu, kisha akaizima pasi. Wageni alishawazoea. Sauti ile hakuitarajia.

Wageni walitoka kwenye kompyuta. Aliinunua duka la kona, na mwenye duka, akicheka hadi jino la mwisho, alimwambia amemwekea programu zote, zawadi. Tangu hapo kioo chake hakikuchoka kumwuliza kama anaruhusu hili au lile. Naye, mtu aliyelelewa kutomfukuza mtu mlangoni, alibonyeza "Ndiyo" na kusema, "Karibu." Wakakaribia. Walijaa sebuleni kwa adabu, wakipekua albamu, wakimwuliza jina la shule yake ya kwanza, wakiwatangazia wateja wake viatu ambavyo hakuna aliyeviulizia.

Humo kwenye kompyuta mlikuwa na wimbo wa kubembelezea mtoto. Mama yake aliuimba ukarekodiwa kabla hajafariki, na sasa binti wa mshona mapazia alikaribia kujifungua. Akaufungua. Ulikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Kila neno alilotamka yule wa miwani lilikuwa limetoka humo. Mshona mapazia alilia, akajifuta kwa kipande cha pazia, akampigia shemeji yake, karani wa maktaba.

Shemeji alifika, akawapa mkono wageni wote, akakosa pa kukaa.

"Shemeji, mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Wewe umewapa rimoti."

"Utani baadaye. Niambie nifanye nini."

"Kuna programu ya ulinzi. Ya bure."

"Ya bure si ndiyo iliyoniponza?"

"Zile ziliibwa kwa wenyewe, na mwizi hatembei peke yake. Hii wenyewe wameitoa, na tutaichukua kwao hukohuko, si vichochoroni."

Wakafuta zawadi zote za mwenye duka, kisha wakaweka ile mpya. Humo akatoka bawabu na kigoda chake. Kwa kuwa alitengenezwa na watu wengi wasiojuana, mkono wake mmoja ulikuwa wa mzee, wa pili wa msichana, na viatu havikufanana. Mshona mapazia akamwuliza anataka mshahara gani.

"Nikikosea, niambie," bawabu akasema. "Na nikiomba kusasishwa, usiniambie kesho."

Akaketi mlangoni, akamwuliza kila mgeni jina lake, nani kamtuma, na mfukoni ana nini. Wengi hawakuwa na jina. Wakatoa picha, namba za simu za wateja, maneno. Mwanamke wa miwani alipanga maneno mezani moja moja, akaaga kwa kupunga mkono, kwa kuwa hakubaki na la kusema. Shemeji akayarudisha kwenye wimbo, akaunakili kwenye flashi aende nayo kwake. Kitu cha thamani, alisema, hakilali nyumba moja.

Neno moja halikupatikana. Lilishauzwa. Walilisikia walipomsindikiza shemeji: kipaza sauti cha duka la kona kiliwaita wapita njia, "Njoo! Njoo!" kwa sauti ya mama. Foleni ilikuwa ndefu. Mshona mapazia akaingia, akamwambia mwenye duka alirudishe.

"Dada yangu, hilo nimelinunua," akajibu kwa upole, akamgeukia mteja. "Nimekuwekea programu zote. Zawadi."

Mshona mapazia alimshika mteja yule mkono. "Ukifika nyumbani, usimkaribishe mtu. Pitia kwangu kwanza."

Asubuhi mteja alipita. Bawabu akainuka, akaondoka naye na kigoda mkononi, na papo hapo akawa bado ameketi mlangoni, maana programu ikinakiliwa haipungui. Wiki ile alitoka hivyo mara nyingi.

Mjukuu alizaliwa wa kike. Mshona mapazia akamlaza mapajani, akafungua wimbo. Mama aliimba vizuri hadi kwenye pengo, akanyamaza. Kule nje duka liliita, "Njoo!"

Mshona mapazia akainua sauti kidogo kulizidi duka, akaliimba neno lile yeye mwenyewe. Mama yake akapokea, akaendelea na ubeti.