Mzee Kaz Aingia Sokoni

Mimi Dolly Hrabak nimeendesha basi la shule mpaka nikastaafu, nimetapikiwa na watoto wa kila aina, na sijawahi kukosa la kusema. Lakini Ijumaa ile ya Januari, pale baa kwa Wanda, Mzee Kaz alipogonga glasi kwa uma akatangaza kwamba kuanzia sasa yeye ni mchezaji huru, nilibaki mdomo wazi na kipande cha samaki mkononi.

Ugomvi ulikuwa umeanza mapema. Timu yetu ni Makuli, timu ya besiboli ya mji huu wa kando ya Ziwa Erie, na ukiipenda Makuli ujue presha umejitakia mwenyewe. Wakati wa theluji hakuna mechi, kwa hiyo sisi tunacheza usajili. Kila Ijumaa meza yetu, ile iliyo karibu na mlango wa choo, inaamua nani asajiliwe, nani atemwe, na nani abadilishwe na yeyote mwenye mikono miwili. Viongozi wa timu hawajawahi kutuuliza. Ndiyo maana tunafungwa.

Siku ile kesi ilikuwa ya Teddy Barlow, mlinzi wetu wa kituo cha kwanza, ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha. Gus Ferrante ni fundi bomba, lakini kichwani mwake ndiye meneja mkuu wa Makuli, na alishapandisha sauti.

"Atemwe! Miaka thelathini na saba! Goti moja halikunji, lingine halinyooki. Unampa mkataba wa nini, wa kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu?"

"Alitufikisha fainali huyo," nikamwambia.

"Hiyo historia, Dolly. Historia peleka makumbusho. Hapa tunajenga timu."

"Basi apewe mwaka mmoja. Wa huruma."

"Huruma kaitoe kanisani!"

Mzee Kaz Nowicki alikuwa amekaa katikati yetu, anabandua ganda la unga kwenye samaki wake wa kukaanga. Ana miaka sabini na minane. Alikuwa dereva wa winchi bandarini, na magoti yake yote mawili sasa ni ya chuma. Hapo ndipo alipogonga glasi.

"Mkataba wangu na meza hii umekwisha," akasema. "Nimekaa hapa miaka na mikaka bila nyongeza yoyote. Niko sokoni. Nasikiliza ofa."

Tulicheka mpaka Wanda, mwenye baa, akatoka jikoni kuuliza nani kafa.

"Nani atakusajili wewe, mzee wangu?" Gus akasema huku anafuta machozi. "Zahanati?"

"Kuna timu inanitaka. Siwezi kuitaja."

Basi hapo akatumaliza kabisa. Mtu yeyote wa besiboli anajua habari ya timu ya siri. Mchezaji akikosa wa kumtaka, wakala wake hutoka mbele za watu na kusema ipo timu nyingine, kubwa, inakuja na dau nono, ila jina halitajwi. Ukiiulizia, utaambiwa imetoka kidogo. Hakuna aliyewahi kuiona.

Ijumaa iliyofuata Mzee Kaz alikuja amevaa tai. Hakuja mezani. Alikaa kaunta, akatupa mgongo, akaagiza samaki wake peke yake.

"Mzee, njoo bwana," nikamwita.

"Sina timu, dada yangu. Nikikaa na nyinyi watu watasema nimeshasaini."

Gus alianza kuingiwa na wasiwasi. Alivaa koti, akavuka barabara mpaka baa ya O'Dell, mshindani wa Wanda, kwenda kupeleleza. Alirudi na theluji nyusini, anahema.

"Wana kiti, Dolly! Kimewekewa mto! Kipo ubavuni mwa hita, na hakuna anayekikalia!"

Nikaona giza. Nyinyi mnaweza kucheka, lakini mume wangu alipofariki, Mzee Kaz ndiye aliyekuwa akija kila asubuhi kuondoa theluji mlangoni kwangu, na hakubisha hodi hata siku moja, asije akanilazimisha kuongea. Mtu wa namna hiyo aende akazeekee kwa O'Dell, wanakochanganya bia na maji? Nilisema hapana, potelea mbali, tunatoa ofa.

Tulimwita kwenye mazungumzo. Alikaa pembeni kidogo ya meza ili isihesabiwe kuwa amekaa.

"Tunakupa kiti kilicho mbali na choo," Gus akaanza.

"Ngoja nishauriane na wakala wangu," akasema Mzee Kaz. Akanyanyuka pole pole, akaingia chooni. Tukasikia maji. Akatoka. "Wakala amekataa."

Wanda akaongeza pierogi, yale maandazi ya Kipolandi yaliyojazwa viazi, kila Ijumaa, na vitunguu vya kukaanga juu bila kipimo. Mzee akaingia tena chooni, akakawia zaidi.

"Wakala anasema vitunguu ni vizuri, lakini hajaguswa moyo."

"Huyo wakala ana roho mbaya," nikasema.

"Ndiyo kazi yake."

"Kwanza tunakimbilia wapi?" Gus akadakia. Umeneja ulikuwa umemrudia. "Hakuna kusaini bila vipimo vya afya! Lazima tujue tunanunua nini."

Nilimwambia aache upuuzi, hakusikia. Alimwamuru mzee atembee kutoka kaunta mpaka kwenye mashine ya muziki na kurudi, yeye akashika simu kupima muda. Wanda alichukua faneli ya kumiminia mafuta akaiweka kifuani kwa mzee, akasikiliza, akasema anasikia besi ya mashine ya muziki. Baa nzima ikapiga makofi. Mzee Kaz akaanza safari vizuri, kifua mbele, anapunga mkono. Katikati ya njia mguu ukamkatalia. Alishika mgongo wa kiti, akajaribu tena, kisha akakaa palepale, tai imempanda shingoni.

"Nimefaulu?" akauliza.

Makofi yalikuwa yamekwisha. Gus aliizima simu akaitia mfukoni.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mwenye koti jepesi lisilofaa kwa baridi yetu, kwapani kabeba maboksi matupu ya kufungia vitu. Alikuwa Paulette, binti yake Mzee Kaz, anayeishi Arizona.

"Baba, umeshawaambia?"

"Nawaambia kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo? Ndege ni Jumapili!" Akatugeukia. "Ameanguka mara mbili tangu Krismasi. Mara ya pili alilala chini ya ngazi mpaka mbwa wa jirani akabweka, jirani akaja kutazama. Ninamchukua. Kwangu kuna chumba, kuna jua, na hakuna barafu."

Gus alikaa kitako. "Kwa hiyo timu ya siri ipo," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini huwa haipo! Na kile kiti cha O'Dell?"

"Cha paka wake," Mzee Kaz akajibu.

"Jamani, nyinyi mnacheza!" Paulette akapaza sauti. "Mnampa vitunguu! Akianguka usiku, vitunguu ndivyo vitakavyomwinua? Nyumba yake imejaa ngazi. Nani yuko pale?"

Hakuwa na kosa, na nilimchukia kwa hilo. Nilimtazama mzee. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea ncha ya tai kama mtoto aliyekamatwa. Nikasimama.

"Kwangu kuna chumba cha chini," nikasema. "Hakina ngazi hata moja. Kitanda kipo. Mimi nalala ng'ambo ya ukuta, na usingizi wangu ni wa paka, ukikohoa tu nimeamka. Hiyo ndiyo ofa. Sio vitunguu."

"Bafuni nitamfungia vyuma vya kushikia," Gus akasema haraka. "Kesho. Na mlango wa mbele nitaumwagia chumvi mwenyewe kila siku ya barafu."

Mzee Kaz aliinua kichwa.

"Miaka mingapi?" akauliza.

Niliogopa kumtazama Gus. Gus mwenyewe alikuwa mwekundu, anajikuna shingo.

"Kumi," Gus akasema.

"Gus, nina sabini na minane."

"Umri wako naujua, mzee! Nimesema kumi. Mtu kama wewe hapewi mwaka mmoja."

Safari hii Mzee Kaz hakwenda chooni. Alimtazama binti yake, akangoja. Paulette aliyaweka maboksi sakafuni, akavuta kiti, akakaa, na nikaona mara moja kwamba ni mtoto wa baba yake.

"Kuanzia sasa hadi mwisho wa Machi anakuja kwangu kwa mkopo," akasema. "Hata Makuli wenyewe hufanyia mazoezi Arizona miezi hiyo. Theluji ikiisha nitamleta. Na Dolly anapokea simu yangu kila Jumapili, hata akiwa amenuna."

"Mimi sinuni," nikasema.

"Anakubali," akasema Wanda.

Tukafanya kama inavyofanywa. Mchezaji akisaini lazima avishwe jezi juu ya shati na tai, aketi mbele ya waandishi. Wanda aliishusha jezi ya Makuli iliyotundikwa ukutani, akaikung'uta vumbi, nusu ya baa ikapiga chafya. Vidole vya mzee havikuweza vifungo, kwa hiyo Paulette akapiga magoti akavifunga yeye, kimoja kimoja. Gus alijifanya mwandishi, akamsogezea chupa ya kechapu mdomoni.

"Mzee Kaz, timu zilikugombania. Kwa nini umeamua kubaki?"

Tulingoja mzaha. Mzee akaisogelea ile chupa.

"Ofa ya Paulette niliipata Krismasi," akasema. "Yenu ndiyo niliyokuwa naisubiri. Nilikuwa naogopa haitakuja."

Gus akaishusha chupa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia mbele za watu, shauri yao.