Kitanda cha Kutandikiwa

Kosa langu lilikuwa moja tu: niliaga. Mtu mwenye akili angepanda ndege kimya kimya, picha zikafuata baadaye. Mimi nikasimama baada ya misa pale Langley Park, huku Marekani, nikawatangazia wenzangu wa jumuiya kwamba nakwenda Norway siku kumi, kutembea tu, waniombee safari njema.

Walioniombea sijui ni wangapi. Walioleta mizigo nawajua wote.

Naomba nieleweke. Mwaka wa kumi na moja huu nafanya kazi katika nyumba ya wazee huko Greenbelt, na kila asubuhi natandika vitanda kumi na vinne, vingine mwenyewe bado yumo ndani. Safari hii niliitaka kwa jambo moja: nilale hotelini, niamke, nitoke zangu, nirudi nikute kitanda kimetandikwa na mtu mwingine. Milima na bahari vilikuwa nyongeza.

Edna ndiye aliyefungua dimba, na mfuko wa dagaa.

"Dada Benadetha, ni kamzigo kadogo tu. Mdogo wangu yuko Bergen."

"Edna, unapeleka samaki Norway?"

"Wa kwao hawana ladha, dada."

Wakafuata wenye vitenge vya sare ya harusi ya Oslo, kisha mwenye wigi la binamu yake wa Trondheim. Wa mwisho alikuwa Ndirangu, Mkenya dereva wa basi, mpole kupita kiasi, na kilo nne za unga wa wimbi.

"Sister yangu Waringa amezaa juzi huko Tromsø," akasema. "Bwanake ako kwa meli ya kuvua, hana mtu. Ukifika umpatie tu, ni hivyo tu."

Binti yangu Anitha, anayeelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alilitazama sanduku langu. "Mom, this is not a vacation."

"Ni vacation. Njoo ukalie huu mfuniko, ufunge."

Oslo, wenye harusi walinisubiri uwanja wa ndege. "Hoteli? Kwani sisi tumekufa?" Wakanifutia chumba mbele ya macho yangu, nikalala sebuleni kwao kwenye kochi. Kesho yake wakanipandisha kwa miguu hadi juu ya paa la jumba la opera, jeupe, limeshuka mpaka majini. Treni ya kwenda Bergen ilipita milimani kwenye theluji, na ilikuwa mwezi wa sita! Hapo nikasahau kununa. Bergen ilikuwa mvua na nyumba za mbao nyekundu na za manjano bandarini, na mdogo wake Edna akilia kwa harufu ya dagaa. Kochi tena. Trondheim nilisali katika kanisa la mawe lenye watakatifu wamepangwa ukutani safu kwa safu, kisha yule binamu wa wigi akanipa kitanda chake mwenyewe. Asubuhi nikakitandika. Huwezi kuacha kitanda ovyo nyumbani kwa watu.

Ikabaki Tromsø, juu kabisa kwenye ramani. Hoteli ya huko, siku mbili, nilishailipia na haikufutika. Nikajiambia: nampa unga, namwona mtoto, naondoka.

Waringa alifungua mlango na kichanga begani, sweta amelivaa ndani nje. Aliukumbatia unga kabla ya kunisalimia. Nikapika uji, akanywa vikombe viwili amesimama. Tangu atoke hospitali, wiki tatu, alikuwa hajawahi kulala saa mbili mfululizo. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Nikakifikiria kitanda changu, nikakiaga nacho.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Tunakwenda hotelini."

Alilala saa tisa alasiri, fofofo. Mimi nikakaa dirishani na mtoto kifuani, tukitazama daraja refu na milima yenye theluji kileleni, na jua lililogoma kuzama. Nilikuwa na furaha, na iliniudhi kidogo kuwa na furaha.

Anitha akapiga simu. Nikamweleza kwa kunong'ona.

"So you gave away the bed?"

"Nimeazimisha."

"Mom," akasema, akakata simu.

Siku zote mbili kitanda kilikuwa cha Waringa. Mfanya usafi alipogonga mlango asubuhi, alikuta nimeshatandika. Mkono ulikwenda wenyewe.

Ndirangu alikuja kunipokea uwanja wa ndege. Alishukuru kwa kubeba sanduku peke yake mpaka mlangoni kwangu, na lilikuwa zito: Norway nzima ilikuwa imetuma mizigo ya kurudisha.

Nikaingia chumbani kuvua viatu. Shuka zilikuwa zimevutwa zikakaza. Taulo limekunjwa miguuni, na juu ya mto kuna chokoleti moja. Anitha alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Karibu hotelini, Mama," akasema, kwa Kiswahili, taratibu. "Kesho wewe toka tu. Mimi nitatandika."

Machozi yakanitoka. Nikaziangalia pembe za shuka. Alikuwa amezikunja vibaya, zote nne.

Sikuzigusa.