Fungu la Dzifa

Siku ile nilirudi kutoka darasa la jioni nikiwa na moyo mzito, ingawa somo lenyewe lilikuwa la furaha. Mwalimu Msigwa alikuwa amechora ubaoni mstari wa chaki unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia, akatuambia kuwa huo ni mwendo wa protini anayopata kila mtu katika nchi moja ya Afrika Magharibi. Zamani kila mtu alipata kidogo, ukame ukaja ukakipunguza hata hicho kidogo, kisha mwaka baada ya mwaka mahindi, kunde, karanga na samaki vikaongezeka, na leo kila mtu anapata kuliko alivyopata babu yake. Mama Sekela, muuza maandazi ambaye hakubali jambo limpite hivihivi, akauliza, "Kila mtu, Mwalimu? Hata yule wa mwisho kunawa mikono?" Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka, akasema, "Ukigawanya sawasawa, Mama Sekela, kila mtu." "Aa," akajibu yule mama, akikusanya daftari zake, "hapo kwenye sawasawa ndipo penye kazi." Maneno hayo yalinifuata mpaka nyumbani. Nilipiga magoti nisali, lakini sala ilikuwa nzito mdomoni kama unga mkavu, nikajilaza na nguo zangu mwilini. Usingizi uliponichukua, nikaota.

Niliona mstari ule wa chaki umelala juu ya nchi pana, umekuwa barabara nyeupe, na vumbi lake laini liliishika miguu ya wapitao. Ilianzia chini, katika Bonde la Ukame, penye mifupa ya ng'ombe na mito iliyosahau maji, kisha ikapanda, ikapanda, mpaka kwenye mji wenye ukuta uliong'aa kileleni. Ule ulikuwa mji wa Bwana Wastani. Na katika barabara hiyo nilimwona mwanamke akipanda peke yake, jina lake Enyonam, na mgongoni amembeba binti yake, Dzifa. Tangu hapo sikujiona tena. Niliyaona yale aliyoyaona yeye, na moyo wake ukawa unapiga kifuani mwangu.

Enyonam alikuwa akipanda kwa sababu ya ngoma. Mpiga mbiu wa Wastani, kijana mtanashati aitwaye Sifa, alikuwa amefika kijijini kwao akipiga ngoma na kutangaza kwamba fungu la kila mtu limeongezeka tena, la mkubwa na la mdogo, na hakuna aliyesahauliwa. Wanawake walipiga vigelegele, na Enyonam alicheza kuliko wote, maana Dzifa alikuwa ameanza kubadilika. Nywele zake zilikuwa nyekundu na nyepesi kama ndevu za hindi, mashavu yamejaa na miguu imevimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki, na alikuwa ameacha kulia. Kulia ndiko kulikomtia mama yake matumaini, na sasa hakukuwako. Kwa hiyo alimfunga mgongoni, akaanza safari ya kwenda kuchukua fungu la mwanawe.

Kandokando ya barabara yalijaa marundo ya mahindi, magunia ya kunde na matenga ya samaki waliokaushwa kwa moshi, na kadiri alivyopanda ndivyo marundo yalivyozidi kuwa makubwa. Harufu ya samaki ilimfanya Dzifa ageuze shingo. Enyonam akanyoosha mkono kwenye tenga, lakini mlinzi mmoja mwenye tumbo kubwa, jina lake Tamaa, akauzuia kwa fimbo. "Hicho kimeshahesabiwa, mama. Chako kiko juu."

"Hata hizi kunde zilizoota ukungu?"

"Zimehesabiwa."

"Kwa nani?"

"Kwako na kwa wenzako! Panda tu, usinichafulie hesabu."

Enyonam akapanda, wala hakukasirika, kwa kuwa mtu aliyeahidiwa karamu hagombanii makombo. Kwenye kona ya mwisho alimkuta mwanamke ameketi juu ya jiwe, kanga yake imechakaa, na kikapuni mwake kuna yai moja lililochemshwa. Huyo alikuwa Huruma. Alimtazama mtoto, akasema kwa sauti ya upole, "Binti yangu, usidanganywe na mashavu yake. Huo si unono, ni njaa iliyovimba. Mpe yai hili, ale sasa hivi, hapahapa, wewe ukimtazama. Usilipitishe langoni. Ahadi ni kitu kizuri, lakini haitafunwi." Enyonam akashukuru kwa kupiga goti, akamwekea Dzifa yai mkononi. Lakini mtoto alilishika tu kwa vidole vizito, kwa sababu hakuwahi kupewa yai maishani mwake na hakujua la kufanya nalo. Huku mama yake akimmenyea, ngoma ya Sifa ikalia kutoka ukutani kwamba lango linafungwa. Naye akasema moyoni kwamba atamalizia kumenya akiwa njiani, akakimbia.

Langoni alisimama shangazi mmoja mnene, mcheshi, mwenye upawa mkononi na sufuria kubwa mbele yake. Aliitwa Shangazi Desturi, na hakuna aliyeingia mjini bila kupita kwake. Aliwapakulia wazee minofu, vijana wa kiume mikia na vichwa, akina mama mchuzi, na watoto akawapa ugali uliopitishwa juu ya mvuke wa mchuzi huo. Alifanya hivyo kwa mizaha mitamu hata aliyenyimwa akaondoka anacheka. Alipoliona yai akashika kiuno. "We Mama Dzifa! Yai zima mkononi mwa mtoto? Unafuga mwizi nyumbani?"

"Shangazi, mtoto anaumwa."

"Anaumwa na mashavu yale? Jamani, njooni muone mgonjwa! Leo yai, kesho kuku wa jirani, keshokutwa tunaitwa kwa chifu. Mimi nilikulea wewe. Nilikupa yai?"

"Hukunipa, Shangazi."

"Ukawa mwizi?"

"Sikuwa."

"Basi. Mpe mzee wako."

Watu walicheka, na Enyonam akasikia uso unawaka moto. Kando ya lango, juu ya kigoda, alikuwa amekaa Mzee Heshima, ambaye tayari alikuwa amenyoosha kiganja bila kumtazama mtu. Ndani kuna fungu zima, Enyonam akajiambia, yai moja ni nini? Akalitoa katika vidole vya mwanawe. Dzifa hakupinga. Sifa akamwona mtoto, akamwinua juu mbele ya umati, akapaza sauti, "Tazameni mashavu haya! Nani anasema nchi hii haili?" Umati ukashangilia, na mama yake akamfunga tena mgongoni, akaingizwa mjini na kupewa nafasi ya mbele.

Bwana Wastani alikuwa mtu mrefu, msafi, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka. Alipozungumza hakumtazama yeyote. Macho yake yalitua daima katikati ya watu wawili, mahali pasipo na mtu. Enyonam akapiga magoti, akasema, "Bwana, nimekuja kuchukua fungu la Dzifa."

"Ameshapewa," akasema Wastani, akiangalia pengo lililo kando yake.

"Bwana, hajapewa. Huyu hapa."

"Kila mtu amepewa. Ni kubwa kuliko la mwaka jana."

"Nani alimpa? Mkono wa nani?"

"Mimi nahesabu vinavyoingia, mama, na vichwa vilivyopo. Kupakua si kazi yangu."

Enyonam akatazama nyuma ya kiti chake, akaona ghala la mji. Halikuwa na kitu ila ukuta mweupe na mstari uliochorwa juu yake. Chakula chote kilikuwa kimebaki kule chini, mikononi mwa Tamaa, na kwenye sufuria ya Desturi. Akataka kumfungua mtoto ili amwonyeshe Bwana miguu yake, na alipoifungua kanga akasikia uzito wa Dzifa umekuwa uzito wa namna nyingine. Akamwita jina. Akamwita tena.

Papo hapo ngoma ikalia. "Furahini!" akatangaza Sifa. "Fungu la kila mtu limeongezeka!"

"Limeongezekaje, na hakuna kilicholetwa?" akauliza mtu mmoja katika umati.

Wastani akajibu kwa sauti yake ileile, "Chakula ni kilekile. Walaji wamepungua."

Na kwenye ukuta mweupe nikauona mstari ukipanda, kidogo tu, kama unene wa unywele.

Enyonam hakupiga ukemi. Alisimama na mwanawe mikononi, akawageukia wote waliokuja kwa mlio wa ngoma, Tamaa na Sifa na Shangazi Desturi, na Mzee Heshima aliyekuwa na kiini cha yai katika ndevu zake. "Mliniambia yai litamfanya mwanangu mwizi," akasema. "Nyinyi nyote mlinyimwa mayai mlipokuwa wadogo, ili msije mkawa wezi. Nani basi aliyemwibia Dzifa?" Shangazi Desturi akauficha upawa nyuma ya mgongo wake. Wastani peke yake hakubadilika. Macho yake yalikuwa yametulia katikati ya mama na mtoto, mahali pasipo na mtu.

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Nilikaa kitandani, na polepole nikaanza kuelewa kwamba mstari wa Mwalimu haukuwa wa uongo, na hilo ndilo lililoufanya usaliti uwe mchungu zaidi. Samaki walikuwapo kweli. Kunde zilikuwapo. Lakini Wastani hugawa kwa ulimi, Desturi hugawa kwa upawa, na kati ya ulimi na upawa mtoto anaweza kufa huku nchi ikipigiwa makofi. Enyonam hakuangushwa na adui. Aliangushwa na wale aliowachezea ngoma yao na kuwapigia magoti.

Nilishuka kitandani nikasali. Nilitaka kuwaombea watu wote kwa sentensi moja, kama nilivyozoea, nikaona siwezi, kwa maana Mungu aliyemuumba Dzifa hakuumba kipande cha umati. Basi nikaanza kuwataja watoto kwa majina, mmoja mmoja, na kumuuliza Mungu kila mmoja amekula nini. Jua lilipotoka nilikuwa bado sijafika mwisho wa mtaa wetu.